Je, Wajua? Vidonge vya Sonona na Vituko Vyake

Muhokya ni senta ndogo kwenye barabara ya lami itokayo mjini Kasese kwenda Kikorongo na Mbarara. Upande mmoja imeegemea Milima ya Rwenzori, upande wa pili ardhi inashuka kwenye bonde la joto hadi Ziwa George. Wengi huifahamu kwa chokaa inayochomwa hapo tangu zamani. Tangu mwaka 2020 inafahamika pia kwa kambi ya watu waliofukuzwa makwao na Mto Nyamwamba, uliofurika mwezi Mei mwaka huo na kuharibu nyumba pamoja na hospitali ya Kilembe. Hilo lilikuja juu ya mengine. Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa mjini Kasese katika mapigano yaliyoishia kwenye kasri la mfalme wa Rwenzururu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza akathibitishwa huku huku Kasese, katika hospitali ya Bwera. Kisha, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilivamiwa na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi.

Mambo kama hayo huweza kumwachia mtu sonona, na waliopitia hayo wana haki ya kujua vidonge vya sonona vinafanya nini mwilini. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa haisaidii sana: herufi zake ni ndogo kama sisimizi na lugha yake ni Kiingereza cha wanasheria. Haya hapa ni ambayo karatasi ile haisemi, au inayasema kwa namna ya kumtisha mtu tu.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya sonona ilitoka kwenye wodi ya kifua kikuu? Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mbili ndugu, isoniazidi na iproniazidi. Zote mbili zilitengenezwa kwa haidrazini, kemikali ambayo Wajerumani waliitumia kwenye ndege zao za roketi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na ambayo baada ya vita ilibaki tele, bei ya kutupa. Wagonjwa waliomeza iproniazidi walichangamka kupita walivyotarajiwa. Watu waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kudai chakula zaidi, na magazeti yakapiga picha zao wakicheza dansi wodini huku mapafu yao yakiwa na matundu. Kwa daktari wa kifua, uchangamfu ule ulikuwa maudhi ya dawa. Mwaka 1957 daktari wa akili Nathan Kline akawapa dawa hiyo hiyo watu wenye sonona, na maudhi ya idara moja yakawa tiba ya idara nyingine.

Iproniazidi haikudumu. Iliharibu ini, ikaondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 1961. Ndugu yake isoniazidi bado ipo kazini: mgonjwa wa kifua kikuu wa Muhokya anaimeza hadi leo, pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu.

Na je, wajua kwamba kipande cha jibini kiliwahi kuwa hatari kwa wanaotumia dawa za kundi la iproniazidi? Kazi ya dawa hizo ni kuzuia kimeng'enya kimoja kinachovunjavunja kemikali za hisia kwenye ubongo. Bahati mbaya kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja tiramini, kitu kinachojaa kwenye vyakula vilivyochachuka au kukaa muda mrefu. Kikizuiwa, tiramini hupenya kwenye damu na presha inaruka ghafla, pengine hadi mshipa wa kichwani kupasuka. Aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari kijana wa London, Barry Blackwell, mwaka 1963, baada ya mfamasia mmoja kuandika barua kwamba mkewe huumwa kichwa vibaya kila akila jibini. Wakubwa zake Blackwell walicheka. Jibini la kukomaa si chakula cha Kasese, lakini pombe ya kuchachusha nyumbani na samaki aliyekaa siku nyingi bila barafu ni mambo ya kila wiki, navyo vimo kwenye orodha ile ile ya vitu vya kuepuka. Nafurahi kwamba dawa za kundi hili ni nadra kukutana nazo kwenye vituo vyetu.

Utakachokutana nacho ni amitriptilini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kidonge cha watu wa kawaida.

Je, wajua kwamba ukoo wake ulianza kwa jaribio lililoshindwa? Huko Münsterlingen, Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa akitafuta dawa ya wagonjwa wanaosikia sauti zisizokuwepo. Kampuni ya Geigy ikampa kemikali ambayo haikuwafaa wagonjwa hao hata kidogo. Mwaka 1956 akaijaribu kwa watu wenye sonona, wakaanza kuamka asubuhi wenyewe na kuongea na wenzao. Alipoutangaza ugunduzi wake mjini Zürich mwaka uliofuata, wasikilizaji ukumbini hawakuzidi dazani moja. Dawa ile ni imipramini. Amitriptilini, mdogo wake, iliingia soko la Marekani mwaka 1961. Kwa hiyo kidonge anachopewa mtu leo kwenye kituo cha afya kina umri wa zaidi ya miaka 60. Wapo wanaodhani dawa ya zamani ni dawa ya maskini, iliyobaki baada ya matajiri kuchagua. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Andrea Cipriani wa Oxford lilikusanya majaribio 522 ya dawa 21, yenye washiriki zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 zilishinda kidonge bandia, na iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa amitriptilini. Ilipokuja hesabu ya wanaoacha dawa kwa sababu ya maudhi, haikuwa na sifa nzuri hivyo.

Maudhi yake ni haya. Kinywa kinakauka hadi ulimi unanata. Choo kinakuwa kigumu. Macho yanaona ukungu ukijaribu kusoma. Mkojo unachelewa kutoka, na kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba unaweza kugoma kabisa. Ukiinuka kitandani kwa haraka, presha inashuka, unaona giza na kuanguka. Usingizi unakuwa mzito, uzito wa mwili unapanda. Chanzo cha mengi kati ya hayo ni kwamba dawa inafunga milango ile ile inayofungwa na sumu ya mnanaha, ule mmea wa maua kama tarumbeta ambao watoto huonywa wasiuguse. Kwa dozi ya tiba mlango unafungwa nusu tu. Kuna jambo moja ambalo watu wa bonde la joto wanapaswa kuambiwa waziwazi: dawa hii hupunguza jasho. Anayeimeza kisha akashinda juani akibeba chokaa au kuvuta mashua ziwani anaweza kupatwa na joto la hatari bila kujua. Maji, kivuli, na kutolazimisha kazi saa za mchana si anasa kwake.

Kwa kuwa inaleta usingizi, humezwa usiku. Hiyo ni faida kwa mtu ambaye sonona imemnyima usingizi, na ni hasara kwa dereva wa boda-boda anayedamka saa kumi alfajiri kichwa kikiwa bado kizito.

Je, wajua kwamba wengi wanaopewa amitriptilini hawana sonona? Dozi yake ndogo hutumika kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu: miguu inayowaka moto kwa wenye kisukari, ganzi inayochoma kwa baadhi ya wanaoishi na VVU, na kipandauso. Imipramini nayo imetumika miaka mingi kwa watoto wanaokojoa kitandani. Kwa hiyo ukiona jirani ana pakiti hiyo, usikimbilie kusema anameza dawa ya wazimu. Huenda ni nyayo zake tu zinamuuma. Na kama kweli ni sonona, bado si wazimu.

Hatari kubwa ya ukoo huu iko moyoni. Dawa ikizidi kiasi, inavuruga mapigo ya moyo, na kwa mtoto mdogo vidonge vichache vinaweza kutosha kuua. Kwenye nyumba za kambi, ambako kila kitu kinakaa kwenye chumba kimoja, pakiti ikae juu kabisa, ndani ya kitu kinachofungwa. Kama mgonjwa ana mawazo ya kujiua, ndugu anayeaminika ndiye aitunze na kumpa dozi ya siku moja moja.

Sasa fluoksetini, ile iliyoanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prozac baada ya kuidhinishwa Desemba 1987. Kampuni ya Eli Lilly ilishaitengeneza mwaka 1972, ikakaa miaka 15 kwenye majaribio. Haki yake ya pekee ya kuiuza Marekani ilikwisha Agosti 2001, viwanda vingine vikaingia, na bei ikaporomoka. Hiyo ndiyo sababu dawa iliyokuwa ya mabwanyenye inapatikana leo kwenye vituo vya serikali Uganda.

Fluoksetini inaacha serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo. Lakini je, wajua kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini yako haiko kichwani bali tumboni? Mtaliano Vittorio Erspamer aliigundua kwenye utumbo katika miaka ya 1930, kabla hajatokea mtu wa kuihusisha na huzuni. Ndiyo maana maudhi ya kwanza ya dawa hii ni ya tumbo: kichefuchefu, kuharisha, kukosa hamu ya chakula. Kuimeza baada ya kula hupunguza adha hiyo. Mengine ni kichwa kuuma, kutetemeka, wasiwasi unaopanda siku za mwanzo, na usingizi kukatika. Kwa hiyo hii humezwa asubuhi, kinyume cha mwenzake.

Ndizi nazo zina serotonini, mbivu na za kupika. Msishangilie: haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo sahani ya matoke haiponyi sonona. Uganda hata hivyo iliwahi kuitazama ndizi kwa jicho la mashaka. Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa unaokakamaza moyo kwa ndani, na baadaye baadhi ya watafiti wakashuku kwamba serotonini ya ndizi ndiyo inayouleta. Dhana hiyo haikuthibitishwa, na watu waliendelea na ndizi zao bila hata kujua kwamba kesi ilikuwa mahakamani.

Je, wajua ni kwa nini wengi huacha dawa kabla haijawasaidia? Kwa sababu maudhi hutangulia na nafuu hufuata. Kichefuchefu kinakuja siku ya pili. Moyo kuwa mwepesi huchukua wiki mbili hadi nne, pengine sita. Katikati ya hapo mgonjwa anaona amelipa gharama yote na hajapokea kitu. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, hizo dawa zinakumaliza," na pakiti inaishia chooni. Kwa maoni yangu, sentensi moja ya mhudumu wa afya siku ya kwanza ingeokoa matibabu mengi kuliko dawa mpya kumi: "Wiki mbili za kwanza utajisikia vibaya, kisha itapungua, usiache kabla hujarudi kuniona." Sentensi hiyo haihitaji bajeti.

Mara nyingi usingizi na hamu ya chakula hurudi kwanza, furaha inakuja mwisho. Familia huona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe. Na akishapona, miongozo mingi inamtaka aendelee na dawa kwa angalau miezi 6 ili ugonjwa usirudi.

Kuacha nako kuna kanuni zake. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto za ajabu, mwili kuuma kama mwenye mafua, na kile ambacho wagonjwa wengi wanakieleza kama shoti za umeme kichwani. Dawa nyingine mbili za sonona, paroksetini na venlafaksini, zinasumbua zaidi kwa hili kwa sababu zinatoka mwilini haraka. Fluoksetini ni mvivu kuondoka. Mabaki yake hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo inajipunguza yenyewe. Pale ambapo dawa zinaweza kukatika kituoni, na mgonjwa akalazimika kusubiri gari la mgao, uvivu huo ni sifa kubwa. Watu huuliza kama dawa hizi zinamfanya mtu kuwa mtumwa wake. Hazileti ile kiu ya kutafuta dozi zaidi na zaidi kama pombe, au kama diazepamu ambayo wengi huimeza kwa ajili ya usingizi bila kuandikiwa. Mwili unazizoea, naam, na ndiyo maana zinapunguzwa taratibu.

Jambo lisilosemwa mbele ya wazazi: fluoksetini na ndugu zake hupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuchelewesha kilele, kwa wanaume na kwa wanawake. Ni miongoni mwa maudhi yanayotokea sana na yanayotajwa kidogo kuliko yote. Mwanamume wa makamo atamwambia daktari kuhusu kichwa, tumbo na mgongo, kisha ataacha dawa kimya kimya kwa sababu ya hili. Je, wajua kwamba kuna walioligeuza kuwa biashara? Dawa iitwayo dapoksetini, ya jamii hiyo hiyo, ilipelekwa sokoni Ulaya mwaka 2009 mahsusi kwa wanaume wanaofika kileleni mapema mno. Kwa mgonjwa wa sonona, njia ni kumwambia mhudumu: dozi inaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, haina sana tatizo hili. Mirtazapini, nayo ya sonona, pia si mbaya kwa hilo, ila itamlaza na kumnenepesha.

Tupande mlimani. Je, wajua kwamba kwenye Rwenzori, juu ya msitu wa mianzi, inaota miti ya jamii moja na dawa ya mitishamba maarufu kuliko zote kwa sonona huko Ulaya? Wajerumani hutumia mmea mdogo wa maua ya njano, Hypericum perforatum. Rwenzori ina ndugu zake wakubwa, Hypericum revolutum na Hypericum bequaertii, warefu kuliko mtu. Undugu wa majani si undugu wa tiba, kwa hiyo ninawaomba wapagazi na wageni waache maua yale mahali pake. Mmea wa Ulaya wenyewe una kisa cha kutisha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukitumiwa pamoja na indinaviri, dawa ya VVU, unapunguza kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kwa zaidi ya nusu. Unadhoofisha pia vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Vidonge vyake huuzwa mtandaoni kama "asilia", na neno hilo limewalaza wengi usingizi.

Mchanganyiko ndio unaoumiza watu zaidi ya dawa yenyewe, na eneo la mpakani lina mchanganyiko mwingi. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ikikutana na fluoksetini inaweza kuzidisha serotonini: jasho, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa, na huongeza hatari ya degedege. Diklofenaki au ibuprofeni ya mgongo, ikimezwa kila siku pamoja na fluoksetini, huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa amitriptilini mwilini haraka, mgonjwa akabaki akidhani dawa ni feki. Coartem ya malaria inaweza kuongeza kiwango cha amitriptilini, na zote mbili zinagusa umeme wa moyo; malaria lazima itibiwe, ila mtabibu ajue mgonjwa anameza nini. Pombe ya waragi na amitriptilini ni usingizi juu ya usingizi. Hilo halihitaji utafiti.

Chumvi je? Katwe, kusini mwa Muhokya, watu wamevuna chumvi ziwani kwa karne nyingi, na chumvi ina mambo yake na dawa za akili. Fluoksetini na ndugu zake huweza kushusha kiwango cha sodiamu kwenye damu, hasa kwa wazee. Bibi aliyeanza dawa wiki iliyopita, akawa anachanganya majina ya wajukuu na kuyumba, huenda hajazeeka ghafla, apimwe damu. Kumwongezea chumvi kwenye mchuzi si jibu. Lithiamu, inayotumika kwa wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka na ambayo Mwaustralia John Cade aliitangaza mwaka 1949, inategemea chumvi moja kwa moja: mwili ukiishiwa maji na chumvi, figo zinaishikilia lithiamu na inageuka sumu. Anayeitumia akafanya kazi ya jasho, au akaharisha siku mbili, anapaswa kumwona daktari mapema.

Hapo hapo kuna onyo. Mtu mwenye ugonjwa huo wa kupanda na kushuka akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa upande wa pili: halali, anatumia pesa ovyo, anaongea bila kituo, anajiona hawezi kushindwa. Mhudumu akiuliza kama uliwahi kuwa na kipindi cha namna hiyo, hajakutukana. Ni swali muhimu kuliko lile la presha.

Kwa vijana, mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka mwaka 2004 onyo kali kabisa kwenye boksi, kwamba dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wadogo siku za mwanzo. Mwaka 2007 likapanuliwa kugusa hadi umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake ni kwamba wiki za kwanza asiachwe peke yake, na mabadiliko ya ghafla ya tabia yasisubiri tarehe ya kliniki.

Je, wajua kwamba mbwa nao humeza fluoksetini? Marekani iliidhinisha ya kwao mwaka 2007, kwa mbwa wanaohangaika wakiachwa peke yao nyumbani.

Na je, wajua kwamba dawa inayosifiwa sasa kwa sonona sugu imekuwa kwenye vyumba vya upasuaji vya Uganda kwa miongo mingi? Ketamini, ile ya kumlaza mgonjwa anapofanyiwa upasuaji, huinua hisia ndani ya saa chache kwa baadhi ya watu ambao dawa nyingine zimeshindwa. Ndugu yake wa kupuliza puani aliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa masharti: mgonjwa hukaa kliniki saa mbili akiangaliwa, kwa sababu presha inapanda na anaweza kujihisi ametoka nje ya mwili wake. Bei yake ni ya kule. Msiitafute mtaani.

La mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, aliyedai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1979 John Orley na John Wing wakachapisha utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi kuliko ile waliyoilinganisha nayo ya mtaa mmoja wa London. Haikuwa nadra. Hakuna aliyekuwa amewauliza watu vizuri.

Uganda haikuishia kuhesabu wagonjwa. Katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi, bila kidonge hata kimoja, ikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Baada ya wiki 16, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, kwa wasiopata tiba hiyo, asilimia 54.7. Matokeo yalitoka mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo kwa dunia nzima. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere naye amefanya tiba ya vikundi kwa watu wenye VVU na sonona kaskazini mwa nchi, ikiongozwa na wahudumu wa kawaida wa jamii, na kuwafundisha humo humo namna ya kujipatia kipato. Mtu wa kambi ya Muhokya aliyepoteza nyumba hana upungufu wa fluoksetini pekee, na vikundi hivi vinalijua hilo.

Kwa wenye hali nzito, wasiokula, wasiolala, au wanaofikiria kufa, kidonge na mazungumzo huenda pamoja. Ukitumwa kituoni, au Bwera, au hospitali ya rufaa ya Buhinga kule Fort Portal, beba pakiti zote za dawa unazomeza, za malaria, za kifua, za presha na hata za mitishamba, uziweke mezani mbele ya mhudumu. Kisha muulize mambo matatu: hii inaanza kufanya kazi lini, itanisumbua vipi mwanzoni, na nitaiacha vipi. Ana wajibu wa kukujibu.